Kiarabu na Kiyao: Tofauti Anazopaswa Kuzijua Mwalimu wa Madrasa



Namasakata, mkoani Ruvuma, ni katika nchi ya Wayao. Mtoto anayeingia chuoni na Kiyao kinywani hukutana na mambo haya:

1. Herufi: Kiarabu kina herufi 28. 'Ayn, haa ya kooni, qaaf na swaad hazimo katika Kiyao. Akisoma "kalb" (mbwa) badala ya "qalb" (moyo), maana imegeuka.

2. Mwisho wa neno: Neno la Kiyao huishia kwa irabu; la Kiarabu huweza kuishia kwa sukuun. Ndipo "qul" (sema) ikawa "kuli".

3. Madd: Hapa Myao ana wepesi. Lugha yake hutofautisha irabu fupi na ndefu, kama Kiarabu. Mwalimu aanzie hapo.

4. Majina: Kiarabu huyagawa kwa uume na uke, na kina umbo la wawili. Kiyao huyagawa kwa ngeli, kama Kiswahili.

Hukumu yake: Kubadilisha herufi ni lahn jaliyy. Mwenye uwezo wa kujifunza ni wajibu ajifunze, khasa Al-Faatihah, kwani ni nguzo ya Swalah. Aliyejitahidi akashindwa ana udhuru, wala asichekwe: katika Hadiyth ya 'Aaishah, waliyoipokea al-Bukhaariy na Muslim, anayesoma Qur-aan kwa taabu ana ujira mara mbili.

Wa-Allaahu A'lam.