Wakunga Wageni Mlangoni mwa Ontario

Yasemwa kwamba ukunga ni kazi moja duniani kote, kwa kuwa mtoto huzaliwa kwa njia ile ile. Historia ya Ontario, jimbo la Kanada, yatuonyesha kwamba hata mkono uliokwisha kupokea watoto wengi waweza kuzuiwa mlangoni.

Kwa miaka mingi sheria ya huko haikumtambua mkunga, wala haikumkataza waziwazi. Wanawake waliofuzu ukunga katika nchi nyingine walipohamia huko, wengi walishika uuguzi au kazi duni zaidi. Wakati huo huo wenyeji wachache, baadhi yao wakiwa wamejifunza kwa kutenda tu, walikuwa wakizalisha akina mama majumbani. Mwaka 1987 tume ya serikali ilipendekeza ukunga uwe taaluma kamili. Sheria ikapitishwa mwaka 1991, ikaanza kutumika mwisho wa mwaka 1993.

Walioandikishwa kwanza walikuwa wapatao 60. Hapo ndipo penye neno. Kuingia katika kundi hilo kulimtaka mtu awe amefanya ukunga hapo hapo Ontario. Basi mgeni aliyekaa kimya kungojea idhini alikosa sifa, na aliyezalisha bila idhini alizipata! Sheryl Nestel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, alionyesha kwamba mzigo huo uliwaelemea hasa wahamiaji wasio Wazungu. Twaona ana haki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalianzishwa mafunzo maalumu ya wakunga wageni katika chuo kikuu cha Ryerson, Toronto, ambacho tangu mwaka 2022 chaitwa Toronto Metropolitan. Kuzalisha walikujua tayari. Walilojifunza ni desturi ya Ontario: mkunga humtunza mama yule yule tangu mimba hadi wiki sita baada ya kujifungua, huzalisha nyumbani na hospitalini, tena humweleza mama mambo yote ili achague mwenyewe. Kisha walifanya kazi wakisimamiwa na wakunga wa huko.

Sisi walimu wa lugha twavutwa na hilo la kuchagua. Neno la kuamuru, kama “sukuma!”, mgeni hulishika siku ya kwanza. Lakini kushauriana na mama mwenye hofu kwataka “huenda”, “iwapo”, “waonaje”. Na mtu aweza kufaulu mtihani wa sarufi asiwe na maneno hayo ulimini saa nane ya usiku.