Chuo cha Tudor: Kilijengwa kwa Ajili ya Nani?

 

Hebu siku moja baada ya Alasiri, wakati ule tumbo linanguruma na saa haziendi, shuka Tudor utembee mpaka lango la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Simama kando ya barabara uyatazame majengo ya zamani. Utaona matao, utaona kuba, na msikiti ndani ya ua. Sasa jiulize: hiki ni chuo cha serikali, wanafunzi wake ni wa kila dini na kila kabila, mbona kimejengwa kama madrasa kubwa? Mimi nimepita hapo tangu utotoni tukienda kwa shangazi, na sikuwahi kuuliza. Nilikuja kuuliza nikiwa tayari mwanafunzi wa historia chuoni, na aibu ilinishika.

Kilichonifanya niulize ni mtoto wa ami yangu. Alipata D kwenye KCSE. Siku matokeo yalipotoka, nyumba yao ilikuwa kama yenye matanga: mama yake analia, jirani anakuja kutoa pole, na yeye mwenyewe kajifungia chumbani. Baada ya wiki mbili akatoka, akahamia maskani. Unaijua maskani, sina haja ya kukueleza: asubuhi muguka, jioni muguka, na katikati habari za mpira wa Uingereza. Ami akasema kijana kaharibika. Mtu mmoja barazani akajibu, "Basi mpelekeni akajifunze ufundi," na aliisema kwa sauti ile ile ambayo watu husema mtoto apelekwe jela.

Sauti ile ndiyo iliyonikera. Imetoka wapi? Kwa sababu watu wa pwani hii hawakuzaliwa wakidharau ufundi. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu, lakini hakuacha kuandika kwamba misikiti ya mji ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi mkubwa. Msikiti wa mbao haujijengi. Kulikuwa na mafundi, na mafundi wale walikuwa na wanafunzi. Kijana alipelekwa kwa fundi wa majahazi au wa milango ya nakshi, akafagia vumbi la mbao siku nyingi kabla ya kushikishwa patasi, na mwisho naye akawa fundi. Na sisi tuliokaa kwenye mikeka ya madrasa tulisomeshwa kwamba Nabii Nuh alijenga jahazi kwa mikono yake, na Nabii Daud alilainishiwa chuma akawa anatengeneza nguo za vita. Hayo tuliyasoma, tukafaulu mtihani, tukasahau.

Tusifichane, ndugu msomaji. Sehemu moja ya dharau ile imetoka kwenye utumwa. Katika miji yetu kazi nyingi za jasho zilikuwa za mtumwa, na muungwana alijiona hastahiki kubeba wala kuchimba. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini tabia haifutwi kwa karatasi. Sehemu ya pili imetoka kwa mkoloni. Kazi aliyoitukuza ni ya karani: kalamu, meza na shati jeupe. Yule mwenye spana alibaki chini.

Kuna sehemu ya tatu pia. Ukipanda matatu ya kuelekea Bamburi, utamsikia utingo akiita "Kengeleni!" Kengele yenyewe ni ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875. Pale watu walisomeshwa dini ya Kikristo, kusoma na kuandika, na ufundi wa mikono pia. Wazazi wa Kiislamu waliziogopa skuli za namna ile, na mimi siwalaumu: lengo la mishonari halikuwa siri, na mtoto akienda alirudi na jina jingine. Lakini hofu ile ilikuwa na bei yake. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Waingereza walileta zaidi ya watu 30,000 kutoka India, vibarua na mafundi. Reli ilianzia mlangoni petu, na kijana wa mji alibaki kuitazama ikipita.

Aliyelipigia kelele jambo hili kuliko wengine ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, halafu mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye alikuwa mwanachuoni wa dini kamili, hakuna wa kumtilia shaka, na ndiye huyo huyo aliyewaambia Waislamu kwamba wakiendelea kuikimbia elimu ya kisasa watakuja kuwa watumishi katika mji wao wenyewe. Alitaka vyote viwili, dini ihifadhiwe na elimu ya kisasa ishikwe. Wapo waliomsikiza na wapo waliomnunia. Alifariki mwaka 1947.

Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Mombasa ilisimama. Maelfu ya wafanyakazi waligoma, wa bandarini na wa reli na wa majumbani, kwa sababu mshahara wa kibarua haukutosha kodi na unga. Mji ulikuwa umejaa mikono na una njaa ya mafundi. Kilindini ilitaka makanika, reli ilitaka mafundi wa mitambo, umeme ulitaka watu wa kuuvuta. Kibarua asiye na ujuzi anafukuzwa leo na kesho yuko mwengine mahali pake. Fundi hafukuzwi ovyo.

Basi hapo ndipo Tudor inapoingia. Mwaka 1948 lilizuka wazo la kujenga chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote, si Mombasa peke yake. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliliunga mkono. Tazama nani walitoa pesa. Alitoa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, ambaye kwa sheria ukanda wetu wa pwani ulikuwa bado mali yake ingawa Waingereza ndio waliotawala. Alitoa Aga Khan wa Tatu, ambaye mwaka 1945 alikuwa ameshaanzisha hapa Mombasa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki. Jamaa wa Kibohora walitoa, na serikali ya Uingereza nayo ikatia fungu lake. Sultani ni Ibadhi, Aga Khan ni imamu wa Maismaili, Mabohora ni Mashia wa njia yao, na vijana wengi wa pwani waliokuwa watafaidika ni Masunni wa madhehebu ya Shafi. Sisi leo mwezi wenyewe wa Ramadhan hatujakubaliana nani kauona!

Chuo kikaitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambacho wazee mpaka leo wanakiita kwa herufi zake za Kiingereza, MIOME. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Jambo moja hapa watu hulipita haraka. Enzi zile za ukoloni skuli zilitengwa kwa rangi: ya Mzungu, ya Mhindi, ya Mwarabu, ya Mwafrika. MIOME ilitenga kwa dini, ndiyo, lakini kwa kutenga hivyo ikavunja ule utengano mwingine. Kijana Mwislamu, awe Mwarabu, Mhindi au Mwafrika, aliweza kusimama kwenye karakana moja na mwenziwe, mbele ya mashine moja, na kuswali safu moja ndani ya ua ule ule.

Na hapa kuna kisa ambacho nakipenda sana. Sheikh Al-Amin aliacha mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1933. Kijana huyu alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, na daraja la tatu halikumfikisha Makerere. Kwa lugha ya barazani, alifeli. Akapata kazi ya karani hapo hapo MIOME. Siku ya Maulidi akatoa hotuba, na Gavana Mitchell alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Gavana akavutiwa, na mambo yakafanyika mpaka mwaka 1955 kijana akawa Huddersfield, Uingereza, anamalizia masomo ya sekondari. Jina lake ni Ali Mazrui. Makerere iliyomkataa alirudi akawa profesa wake, na alipofariki Oktoba 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu. Yeye hakuwa fundi, najua. Alikaa MIOME na kalamu, si na spana. Lakini nilipokisoma kisa hiki nilimkumbuka mtoto wa ami yangu kule chumbani, na majirani wakija kutoa pole.

Tuendelee. Baada ya uhuru, skuli za kutenga watu hazikuwa na nafasi tena. Mwaka 1966 jina lilibadilishwa, ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, milango wazi kwa kila Mkenya. Mwaka 1972 ikapanda kuwa chuo anuwai cha kitaifa, Mombasa Polytechnic, cha pili nchini baada ya kile cha Nairobi. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Ukisoma tarehe hizi mfululizo unaona kupanda tu, na watu wa Mombasa tulishangilia. Mimi pia nilishangilia, nikiwa mdogo.

Lakini ngazi ikivutwa juu, aliyekuwa chini anashika nini? Shahada inataka C+ ya KCSE. Nisiseme uongo, masomo ya chini ya shahada bado yanafundishwa pale, na mafundi wazuri bado wanatoka. Hata hivyo, nia ya mwanzo ilikuwa kumchukua kijana ambaye elimu imempita na kumpa kazi mkononi, na kila jina jipya lilimsogeza mbali kidogo kijana yule. Haikutokea Tudor peke yake. Nchi nzima tulivigeuza vyuo vya mafundi kuwa vyuo vikuu, kisha tukashangaa mafundi wako wapi. Hata skulini, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na useremala na ushoni, wazazi wakachangishwa pesa za kujenga karakana, halafu mwanzo wa miaka ya 2000 masomo yale yakaondolewa msingi.

Waliobaki chini walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1966 baraza la makanisa ya Kenya lilitoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza msingi na kukosa sekondari waende wapi. Kutokana nayo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, vidogo, karo nafuu, na miaka ya 1970 serikali ikavishika. Vimefundisha maelfu uashi, ushoni, umeme na magari. Katiba ya 2010 ilivikabidhi kwa kaunti, na jina likabadilika tena, sasa ni vituo vya mafunzo ya ufundi. Jina limebadilika mara ngapi, na dharau iko pale pale! Ukimwambia mzazi wa Mombasa mtoto wake aende kituo cha ufundi, anakutazama kama umemtukana.

Mtoto wa ami alienda. Hakwenda kwa hiari; nilimburuta. Siku za mwanzo alikuwa anavaa kofia aivute mpaka machoni ili wenzake wa maskani wasimjue. Alichagua umeme wa majumbani. Wa madarasani tulidhani ufundi ni wa wasiojua hesabu, kumbe aliniletea daftari la mizigo ya nyaya na unene wake, nikashindwa mimi mwenye shahada njiani. Karo ilisumbua, muhula mmoja shangazi aliuza bangili. Kisha akafanya mtihani wa ufundi wa serikali, Gredi ya Tatu, akapata, na mwaka uliofuata Gredi ya Pili. Cheti kile kimoja kilibadilisha jambo ambalo sikulitarajia: ami alianza kumwita kwa jina lake. Zamani alikuwa akisema "huyu".

Sasa analipa kodi ya chumba chake Kisauni na anamsomesha mdogo wake. Maskani bado anapita, anakaa dakika tano, kisha simu inalia na yeye anaondoka na mkoba wa vifaa. Wawili pale wameshamuuliza fomu zinapatikana wapi.

Ramadhan iliyopita, tarehe kumi na kitu, pampu ya msikiti wa mtaani kwetu ilikufa baada ya Alasiri. Birika la udhu likakauka. Wazee wakaanza kubeba ndoo, mwengine akasema aitwe fundi kutoka mjini, mwengine akasema fundi wa mjini hatafika kabla ya Magharibi. Mtu yule yule wa barazani, yule wa sauti ya jela, ndiye aliyesema, "Mwiteni kijana wetu." Akaja na saumu yake, akalala kifudifudi kwenye kile kishimo cha pampu, fulana yote matope. Ilikuwa ni waya wa kianzishio, umeungua. Tulikuwa tumeshika tende mikononi maji yalipoanza kutoka mfereji wa kwanza, kisha wa pili, na muadhini akapanda.