Kilo-Moto: dhahabu ilipopungua, gharama zilibaki

Mwaka 1903 watafuta madini wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu katika mto Agola, huko Kilo, Ituri, nchini Kongo. Mwaka huohuo, huko Marekani, mhandisi Henry Hess alichapisha mchoro wenye mistari miwili: mmoja wa mapato, mwingine wa gharama. Pale inapokatana ndipo kiwanda kinapoacha kula hasara. Watu hao hawakujuana, lakini historia yote ya machimbo ya Kilo-Moto inasomeka vizuri ukiwa na mchoro wa Hess mezani.

Kugawa gharama kwa tabia zake kulikuwepo hata kabla ya Hess. Mwaka 1850 Dionysius Lardner, akiandika London juu ya uchumi wa reli, alionyesha kuwa ziko gharama zinazofuata wingi wa kazi na ziko zisizoujali. Treni ipite isipite, reli itatunzwa. Makaa ya mawe yanaungua treni inapokwenda tu. Za kutunza reli ni gharama zisizobadilika, za makaa ni zinazobadilika. Katikati ziko gharama mseto, kama bili ya umeme yenye ada ya kila mwezi halafu malipo ya kiasi ulichotumia.

Kilo ya miaka ya mwanzo ilikuwa kazi ya mikono. Dhahabu ilikuwa kwenye mchanga wa mito, na vifaa vilikuwa sululu, koleo na karai. Gharama kubwa ilikuwa watu, na kwa hesabu ya kawaida gharama ya watu hupanda kadiri unavyotaka dhahabu zaidi. Wabelgiji waliotawala Kongo walipata njia ya kuizuia isipande: machifu walilazimishwa kutoa vijana, vijiji vikatakiwa kulima chakula cha kambi na kukibeba kichwani hadi mgodini. Mgodi ukawa shirika la serikali mwaka 1919, halafu kampuni, SOKIMO, mwaka 1926. Vitabu vyake vya hesabu vilionyesha mishahara midogo. Shamba lililokosa mikono kijijini na siku za mpagazi njiani havikuwa na safu katika vitabu hivyo. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii: gharama ya uchimbaji haikuwa ndogo, ila ililipwa na mtu mwingine.

Mchanga wa mito ulipoanza kuchoka, kampuni ikafuata dhahabu ndani ya mwamba. Hapo hesabu ikageuka: gharama nyingi zikawa zisizobadilika. Mwamba unataka mahandaki, vinu vya kusaga mawe, karakana, na umeme wa maji kama wa bwawa la Budana kwenye mto Shari, si mbali na Bunia. Unataka pia nyumba za wafanyakazi, zahanati na shule. Tazama pampu tu. Maji huingia handakini usiku na mchana, hata siku ambayo hakuna jiwe lililotolewa. Ukizima pampu ili kubana matumizi, unapoteza handaki lenyewe.

Upande wa mapato nao ulikuwa umefungwa. Mwaka 1934 Marekani iliweka bei ya wakia moja ya dhahabu kuwa dola 35, na bei hiyo rasmi ikadumu hadi 1971. Ni kama dola 1.13 kwa gramu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgodi una gharama zisizobadilika za dola 5,000 kwa mwezi. Ukitoa kilo 10, kila gramu inabeba senti 50, na nafasi ya faida ipo. Ukitoa kilo 4, kila gramu inabeba dola 1.25. Umekwisha kula hasara kabla hujanunua tone la mazutu wala kumlipa mchimbaji wa kutwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala kazini. Dhahabu imepungua, mzigo umebaki uleule.

Uasi wa Wasimba wa 1964 ulivuruga kazi Ituri na Uele. Mwaka 1966 serikali iliunda OKIMO, ambayo makao yake makuu yalikuja kuwa Bunia. Shirika lilirithi mabwawa, vinu na orodha ndefu ya mishahara. Mitambo ilizeeka, vipuri vikawa vya shida, na kila gramu iliyopungua iliziongezea mzigo gramu zilizobaki.

Mwaka 1982 Rais Mobutu akaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu. Kuanzia hapo anaingia mtu ambaye Ituri yote inamwita PDG, yaani mwenye shimo. Daftari lake ni fundisho tosha la gharama mseto. Kabla ya kufika kwenye dhahabu analisha vijana: unga, maharage, samaki, dawa, na mazutu ya pampu. Chakula hicho kinaliwa kila siku, dhahabu iwepo isiwepo. Shimo likianza kutoa, vijana wanalipwa kwa mgawo wa kinachopatikana. Hakuna kitu, hakuna mgawo. Mzigo wa kudumu ni mdogo, na shimo bovu linaachwa jioni moja. Ndiyo maana wachimba shimo waliendelea pale ambapo kampuni yenye bwawa na hospitali ilikwama.

Mgodi wa Kibali, kule Haut-Uele, umechukua njia nyingine: mzigo mkubwa wa kudumu. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013. SOKIMO ya leo, mrithi wa OKIMO, ina hisa asilimia 10. Kampuni ya mgodi huo ilijenga vituo vitatu vya umeme wa maji, Nzoro II, Ambarau na Azambi. Fedha za mazutu, ambazo zingepanda kila kinu kinapozunguka, zikageuzwa kuwa deni la zege na mitambo. Mto ukipungua kiangazi, jenereta zinawaka na gharama ya mafuta inarudi. Faida ya mpango huo inategemea uzalishaji mkubwa usiokatika, jambo ambalo OKIMO haikulipata.

Sheria ya madini ya 2002 inaitaka kampuni iweke dhamana ya fedha za kutengeneza ardhi baada ya uchimbaji, na dhamana hiyo inaingia vitabuni tangu mwanzo. Daftari la PDG halina mstari huo. Shimo likiachwa na maji yakituama ndani yake, mwenye shamba la jirani ndiye anayelilipia, kama alivyolipa babu yake aliyebeba unga hadi Kilo.