Kutoka Boma la Kimeru hadi Minara ya Turkana

Jengo lililo mbele yako ndilo jengo la mawe kongwe kuliko yote mjini Meru. Lilijengwa mwaka 1916 liwe ofisi ya Mkuu wa Wilaya wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1974 likawa makumbusho. Hata hivyo, usiondoke bila kuliona boma la Kimeru lililo hapa. Udongo wake, uliodharauliwa miaka mingi, leo unaheshimiwa na wasanifu majengo wakubwa.

Mmoja wao, Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, alijenga shule ya msingi ya kijiji chake kwa matofali ya udongo, akapata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Pritzker, tuzo ya juu kabisa ya usanifu majengo. Kazi yake hapa Kenya iko kando ya Ziwa Turkana: chuo cha teknolojia cha Startup Lions, cha mwaka 2021. Minara yake mirefu imeiga vichuguu vya mchwa. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, nayo iliyo baridi huvutwa ndani kupitia matundu ya chini.

Ingia bomani saa sita mchana, ulinganishe joto la ndani na la uwanjani.