Gari la waya, jiwe la radio na ampuli: namna mtoto anaweza kuanza teknolojia bila kompyuta

Mtu akipita kwenye kartye za Goma, Bukavu ao Butembo saa watoto wametoka masomo, hatakosa kuona gari la waya. Mwili wake ni waya wa zamani, magurudumu ni vifuniko ao vipande vya sandali iliyochakaa, na usukani umefungwa kwenye kijiti kirefu ili mtoto aendeshe akiwa amesimama. Wengine wanachonga chukudu ndogo ya mbao, mfano wa ile ya wakubwa inayobeba magunia ya makala na viazi. Mtoto huyo amekwisha kupambana na ekseli, uzito na msuguano. Lakini akifika ku nyumba anaambiwa: «Acha michezo, twaa kaye yako.»

Kwa wazazi wengi teknolojia ni simu na kompyuta tu. Na kwa sababu kompyuta ni bei kali, wanaona heri mtoto angoje mpaka afike université. Kuna pia wale wanaompa mtoto simu ili anyamaze, halafu wanajisifu kwamba anajua mambo ya kisasa. Kumbe kuangalia video saa nzima hakufundishi namna simu inavyofanya kazi, sawa vile kula mkate hakufundishi kuuoka.

Mmoja wa watu walioeleza sana jambo hili ni Seymour Papert, mwanahesabu aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1928. Mwaka 1967, huko Marekani, yeye pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Mtoto anaandika amri, na «kobe», roboti ndogo sakafuni ao alama kwenye kioo, anaenda mbele, anageuka, anachora. Kobe akipotea njia, mtoto hapewi sifuri: anatafuta amri gani imeharibu, anarekebisha, anajaribu tena. Papert aliona mtoto anaelewa vizuri zaidi akitengeneza kitu ambacho anaweza kuwaonyesha wengine. Kutoka mawazo hayo ilikuja Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007, ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta inatumika hata bila intaneti.

Hapa kwetu, masomo mengi hayana kompyuta hata moja ya wanafunzi, ingawa teknolojia na TIC vimo katika programu ya darasa la 7 na la 8. Basi njia iko kwenye vitu vilivyokufa.

Kuanza na mawe mawili

Toroshi iliyoharibika inatosha. Mawe mawili ya radio, kila moja volti 1,5, yakifuatana yanatoa volti 3, na hizo zinawasha ampuli ndogo nyeupe ya LED. Nguvu hiyo haiwezi kumpiga mtoto. Anahitaji vipande viwili vya waya vilivyotolewa plastiki kwenye ncha. Ampuli ikikataa kuwaka, mwalimu asikimbilie kujibu. Mtoto akigeuza waya atagundua mwenyewe kwamba LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Jambo moja la kuchunga: waya usiunganishe ncha mbili za jiwe bila ampuli katikati, kwani jiwe litapata moto na kuisha haraka.

Pasipo mawe, malimau manne yanaweza kusaidia. Katika kila limau anaingiza msumari wa mabati, ule uliopakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba, bila viwili hivyo kugusana. Halafu shaba ya limau la kwanza inaunganishwa na msumari wa la pili, vivyo hivyo mpaka mwisho. LED nyekundu itawaka kidogo sana, afadhali kuiangalia gizani. Malimau hayo yasiliwe tena, yamekwisha kuingia zinki.

Hatua inayofurahisha watoto kuliko zote ni moteri ndogo inayotoka katika DVD iliyokufa. Ukiiunganisha na mawe, inazunguka. Ukigeuza waya, inazunguka upande mwingine. Halafu ukiondoa mawe, ukaweka LED nyekundu na kuzungusha moteri kwa nguvu, mara ampuli inamulika. Hapo mtoto ameona ile kazi inayofanyika Matebe, huko Rutshuru, na kwenye mabwawa ya Ruzizi, ila kule maji ndiyo yanazungusha. William Kamkwamba wa Malawi alifuata kanuni hiyohiyo. Aliacha masomo kwa kukosa minerval wakati wa njaa ya 2002, akasoma vitabu vya maktaba, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na dinamo.

Roboti wa darasani

Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa. Kwa darasa kama hilo kuna mchezo usiotaka hata waya. Mtoto mmoja anakuwa roboti, mwenzake anaandika amri za kumfikisha kwenye bidon ya maji: hatua tatu mbele, geuka kuume, inama. Roboti anafanya kile kilichoandikwa tu, hata kama kinampeleka ukutani. Watoto watacheka, lakini ndiyo namna kompyuta inavyotii. Wasichana wapewe zamu ya kuandika, si kupiga makofi tu: roboti wakubwa walioanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013 walitokana na kazi ya mwanamke, injinia Thérèse Izay Kirongozi.

Fundi wa simu wa kartye naye anaweza kuombwa kibao cha simu iliyokufa. Kwenye simu nyingi, baadhi ya vidude vidogo vinavyotunza umeme kwa muda mfupi vina tantali, metali inayotoka katika koltani. Mtoto wa Masisi anayeona magunia yakitoka Rubaya ana haki ya kujua yanaishia wapi.

Mambo ya kukataza

Betri ya simu isitobolewe wala kupigwa, inaweza kulipuka moto, na iliyovimba isiguswe. Televizyo za zamani zenye kioo kinene zinabaki na umeme mkali ndani hata zikichomolewa. Nyaya za SNEL si za majaribio. Na katika maeneo yaliyopitiwa na vita, kama Rutshuru, Nyiragongo ao Masisi, mtoto asitumwe kuokota vyuma shambani. Grenedi ao kombora lisilolipuka linaweza kufanana na kopo lenye kutu. Akikuta chuma asichokijua, asikiguse, asikitupie jiwe. Arudi kwa njia ileile aliyokuja nayo, amwambie mtu mzima, na mtu huyo aarifu chefu wa kijiji ao wa kartye.