Thimlich Ohinga na Mfangano: Sanaa isiyo na jumba

KAZI za kale za mikono ya binadamu zinazojulikana zaidi katika kaunti za Migori na Homa Bay hazimo ndani ya jumba lolote la sanaa. Za kwanza ni kuta za mawe za Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Za pili ni michoro ya miambani katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria.

Jina Thimlich Ohinga ni la Kijaluo, na maana yake ni ngome ya mawe iliyo katika msitu wa kutisha. Inakadiriwa kwamba ngome hiyo ilijengwa katika karne ya 16. Ina maboma makuu manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa takriban mita moja.

Linalostaajabisha ni kwamba mawe hayo hayakuunganishwa kwa udongo wala chokaa. Waashi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, wakajaza vijiwe katikati, kila jiwe likashikwa na uzito wa jirani yake. Milango ni mifupi, hivi kwamba aingiaye hana budi kuinama, na adui aliyeinama si adui wa kuogopwa sana.

Serikali iliitangaza ngome hiyo kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981. Mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo ya kale yaliyo hatarini. Hatimaye, Juni 2018, kikao cha Unesco kilichofanyika Manama, Bahrain, kiliitambua kuwa Turathi ya Dunia, ya saba kwa Kenya.

Hata hivyo, cheti hakizuii ukuta kuporomoka. Mizizi ya miti husukuma mawe, mifugo huyakwangua, na wageni huyakanyaga ili wapigwe picha. Fundi anayekarabati hawezi kukimbilia saruji, kwani atakuwa amejenga ukuta mwingine. Lazima alirudishe kila jiwe mahali palipolifaa, kazi ya subira isiyoonekana machoni pa mgeni ikiisha vyema.

Huko Mfangano hali ni tofauti kidogo. Katika maeneo ya Mawanga na Kwitone, miamba imechorwa miviringo na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe. Michoro hiyo inanasibishwa na Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya Wasuba kuwasili. Baadaye, koo za Wasuba zilipafanya mahali hapo pa kuombea mvua. Palikuwa na mwiko: hakuingia mtu ovyo, wala mtoto hakuthubutu kuchezea mwamba.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mwiko huo ulikuwa mlinzi bora kuliko ua wa seng'enge. Lakini vijana wanaouogopa wanapungua, na mlinzi wa kuajiriwa hudai mshahara. Ndiyo maana umuhimu wa Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa kisiwani humo, ni mkubwa. Wenyeji wakipata riziki kwa kuwaongoza wageni, watakuwa na sababu mpya ya kuulinda mwamba.

Swali gumu ni nani alipe. Katiba ya 2010 iliiachia serikali ya kitaifa minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, huku makumbusho na shughuli za utamaduni zikikabidhiwa kaunti. Thimlich Ohinga, basi, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Makumbusho ya kijamii nayo hutegemea zaidi ada za wageni na misaada, na mwaka ambao wageni ni haba, paa linalovuja husubiri.

Anayetaka kufika Mfangano huvuka kwa chombo kutoka Mbita. Asiimwagie michoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji hayo huidhoofisha rangi, na ikishabanduka hairudi. Huko Thimlich, apite mlangoni, hata kama ukuta unaonekana rahisi kuuparamia.