Kemikali Jichoni

Kemikali ya nyumbani ikimrukia mtu jichoni, iwe jiki, chokaa au kostiki soda ya kutengenezea sabuni, tiba ya kwanza ni maji mengi, papo hapo, kabla ya safari ya hospitali. Sababu ni tabia ya alkali, kundi la kemikali hizo tatu. Asidi nyingi hugandisha protini za konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na mgando huo huzipunguzia kasi ya kupenya. Alkali huyeyusha mafuta ya seli, kama ifanyavyo kwenye sufuria ya sabuni, ikazidi kuzama. Wapo wanaotaka kuizima kwa ndimu au siki. Hoja hiyo ni ya maabara: jichoni hakuna apimaye kipimo, na ndimu nayo huunguza. Wengine huhofia maji ya bomba kwamba si safi vya kutosha, ila vijidudu hutibika kwa dawa, na konea iliyoungua huenda isipone. Basi fumbua kope kwa vidole, ondoa punje za chokaa, osha kwa dakika 20 au zaidi, maji yakitiririkia upande wa sikio yasiingie jicho la pili. Kisha nenda hospitali na chupa ya kemikali yenyewe, hata kama maumivu yametulia, kwani jeraha kubwa huweza kuua neva za maumivu.